Lalamiko Kuhusu Koo la Bibi, Lililotoka Upasuaji Likiwa Zima

Nyumba ya fundi baiskeli,
Nyuma ya soko la mboga.
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana.

Kwa Daktari Mfawidhi,
Hospitali Yetu.

KUHUSU: KUTOUMWA KOO KWA BIBI YANGU, MGONJWA WA KITANDA NAMBA TISA

Mheshimiwa Daktari Mfawidhi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na wauguzi wako, wapishi wako na yule mzee wa getini anayeandika majina ya wageni kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wetu. Sisi huku nyumbani hatujambo sote, na hilo hasa ndilo ninalolalamikia.

Mwalimu wetu wa lugha ametufundisha kwamba barua ya malalamiko haianzi na hasira. Huanza na shukrani, hueleza jambo lilivyokuwa, huhesabu makosa kwa namba, kisha huomba kitu kinachowezekana. Nitafuata utaratibu huo, na nikikosea mahali naomba uniwie radhi, kwa kuwa hii ndiyo barua yangu ya kwanza ambayo haisahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Nashukuru kwa kumtoa Bibi mawe manne kwenye kifuko cha nyongo jana, Ijumaa. Tulipewa mawe hayo katika kichupa, na sasa yapo juu ya kabati la vyombo, ambapo kila mgeni huonyeshwa kabla hajakaribishwa kiti. Mishono ni midogo. Homa hana. Leo saa nne asubuhi aliruhusiwa kurudi nyumbani na alitembea mwenyewe hadi getini. Kwa upande wa tumbo sina neno.

Lalamiko langu ni la koo.

Ili unielewe, lazima kwanza nikueleze nyumba yetu inavyoendeshwa. Tuko watano. Bibi ni mama yake Baba, na ndiye mwenye nyumba. Baba ni fundi wa baiskeli, kibanda chake kiko mbele ya baraza letu. Mama anashona sare za shule. Shangazi, dada yake Baba, ni msusi. Mimi ni mwanafunzi. Kila Jumapili saa kumi alasiri tunakaa kikao sebuleni, Bibi akiwa mwenyekiti na Mama katibu. Kanuni za kikao aliziweka Bibi mwenyewe, nazo ni mbili tu, zimebandikwa nyuma ya mlango. Ya kwanza inasema kwamba pingamizi lisilosemwa kwa sauti halihesabiki. Kununa, kusonya, kutikisa kichwa na kwenda kujifungia chumbani si pingamizi. Ya pili inasema kwamba watu wawili wakipingana, atakayesikika zaidi ndiye mshindi, ili chakula kisipoe.

Bibi hajawahi kushindwa katika kikao. Alinadi nguo mnadani miaka thelathini bila kipaza sauti. Hata leo akiita mtu kutoka jikoni, wapita njia wawili watatu huitika. Baba, kwa upande wake, hajawahi kupinga kitu chochote. Baba huongea maneno kama kumi kwa siku, na manne kati ya hayo ni "pampu iko wapi tena".

Mwaka jana Shangazi alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo hapo hapo kwako. Alirudi nyumbani Jumamosi akiwa hana sauti. Tuliambiwa ni kwa sababu ya mrija wa kupumulia, ule ambao mgonjwa huingizwa kooni akiwa amelala usingizi wa dawa, na kwamba kero hiyo ingeisha yenyewe baada ya siku chache. Jumapili kikao kikaketi kama kawaida. Ajenda ilikuwa televisheni, ambayo ilikaa chumbani kwa Shangazi tangu siku iliponunuliwa. Bibi akauliza kama kuna mwenye pingamizi la kuihamishia sebuleni. Shangazi akatoa sauti kama ya mlango wa kabati. Katibu akaandika: Hakuna pingamizi. Jumanne sauti ilirudi. Televisheni haikurudi.

Sasa jambo langu. Nimechaguliwa kujiunga na shule ya bweni yenye maabara. Shule yetu ya sasa nayo ina maabara, lakini ndani yake kuna madawati yaliyovunjika na ngoma ya bendi. Ile ya huko ina darubini kumi na sita, na mabomba ya maji yanayotoa maji. Fomu ya kukubali nafasi inatakiwa irudishwe Jumatatu, yaani keshokutwa, ikiwa na sahihi ya Baba, na Baba hasaini kitu ambacho kikao hakijakipitisha. Nimeipeleka kikaoni mara mbili. Mara zote mbili Bibi alisema haendi mtu, kwamba mtoto asiyeweza kuchemsha maziwa bila kuyamwaga hawezi kuishi bwenini, na mara zote mbili wateja wa Baba barabarani walisikia kwamba siendi.

Kwa hiyo Bibi alipopangiwa upasuaji, nilisoma karatasi ya maelezo ya hospitali yako kwa makini sana. Nilimsomea na yeye, kwa kuwa miwani yake haioni maandishi madogo. Aya ya nne ilisema kwamba baadhi ya wagonjwa huumwa koo au kukosa sauti kwa siku mbili tatu baada ya mrija. Nikahesabu kwa vidole. Upasuaji Ijumaa, kikao Jumapili. Sikuwahi kuona ratiba ya serikali iliyopangwa vizuri namna ile.

Hayo ndiyo maelezo. Makosa ya hospitali yako ni haya.

1. Mtaalamu wenu wa dawa za usingizi hujibu maswali.

Alhamisi tulipomleta Bibi kupimwa, tulikutana naye katika chumba chenye benchi la kijani. Ni mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alimwambia Bibi afungue kinywa ili aone njia ya mrija, kisha akasema hajaona kinywa kinachofunguka vizuri hivyo kwa muda mrefu. Sisi hatukushangaa. Alipomaliza aliuliza kama tuna swali. Nilikuwa nayo kumi na moja, nimeyaandika kwenye daftari. Niliuliza kama koo humuuma kila mgonjwa au baadhi tu. Niliuliza huuma siku ngapi, na kama siku hizo zinahesabiwa kuanzia asubuhi au jioni. Niliuliza kama mtu mwenye sauti ya mnadani naye huishiwa sauti. Niliuliza ni vitu gani hasa vinavyosababisha koo kuuma, kimoja kimoja, na kama vitakuwepo siku hiyo.

Daktari, nilikuwa nataka uhakika wa ratiba. Yeye alidhani nina hofu. Alivua miwani, akanishika bega, akasema: "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Koo la Bibi yako nimelichukua kuwa langu." Kisha akamgeukia Bibi na kumwambia kwamba hata wanafunzi wake wa chuo hawaulizi maswali kama yale. Bibi alikaa wima kwenye benchi mpaka tulipoondoka. Maneno hayo siyaweki katika hesabu ya makosa, nayataja tu kwa kuwa yalisemwa.

2. Alipunguza ukubwa wa mrija.

Niliuliza kama mrija mnene huumiza koo kuliko mwembamba. Alisema ndiyo, na kwamba kwa mwili wa Bibi atachagua mwembamba unaotosha kupitisha hewa. Nilikuwa nimeuliza ili kujua, si ili abadilishe.

3. Alitoa geji kabatini.

Hapa naomba unisome polepole, kwa sababu kosa hili ni kubwa na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Mtaalamu alinieleza kwamba karibu na ncha ya mrija kuna puto dogo, ambalo hujazwa hewa likiwa ndani ya koo ili hewa ya mgonjwa isivuje na mate yasiingie mapafuni. Puto likiwa na hewa kidogo, hewa huvuja. Likijazwa kupita kiasi, linabana nyama ya ndani ya koo na damu haipiti vizuri, ndipo mtu huamka na koo linalowaka. Nilimwelewa mara moja, kwa kuwa ni mambo ya tyubu. Nikamweleza kwamba Baba hupima upepo wa tairi kwa kubonyeza na kidole gumba, na kila mteja mwenye haraka hufanya hivyo hivyo, lakini siku Baba alipokopa geji ya kupimia upepo kwa fundi wa magari tuligundua kwamba kidole gumba chake husema uongo karibu mara zote, na husema uongo kwa kuzidisha. Nikamuuliza kama na wao hupima puto kwa kidole gumba.

Alicheka, lakini kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu. Alisema kwamba kuna kijiputo cha nje, kilichounganishwa na lile la ndani, kinachobonyezwa kwa vidole, na kwamba siku za haraka wengi wao hufanya hivyo, ingawa geji ya kazi hiyo wanayo, imo kabatini katika boksi lake. Akainuka pale pale akaenda kuitoa. Aliifuta vumbi kwa shati lake, akanionyesha sehemu ya kijani ambayo mshale unatakiwa ukae, akasema kuanzia kesho haitarudi kabatini.

Daktari, mimi ni mtoto. Mtu mzima hatakiwi kutoa kitu kabatini kwa sababu ya swali la mtoto.

4. Alimpa Bibi dawa ya kusukutua.

Muda mfupi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, Bibi alipewa dawa katika kikombe kidogo, asukutue kooni kisha ateme, ili koo lisivimbe. Bibi hakuna kitu anachofanya kidogo kidogo. Walimsikia hadi chumba cha kufulia.

5. Aliingiza na kutoa mrija kwa upole.

Hili sikuliona kwa macho, lakini aliniahidi, na nina sababu ya kuamini kwamba alitimiza. Alisema ataingiza mara moja, akitazama njia, bila kulazimisha. Na wakati wa kutoa hatamwacha Bibi akohoe akipambana na mrija. Naona kila mtu hospitalini kwako anatimiza ahadi, isipokuwa ile ya aya ya nne.

6. Bibi aliamka akisema.

Tulikuwa tumekaa nje ya chumba cha kuamkia, Mama, Shangazi na mimi. Shangazi alikuwa amekuja na kijiko na uji mwepesi, kwa sababu anakumbuka koo lake la mwaka jana. Mlango ukafunguliwa, kitanda kikasukumwa nje, na kabla hatujaona uso wa Bibi tulisikia sauti. Alikuwa akimwambia msukuma kitanda kwamba gurudumu la mbele kushoto linalia, kwamba ni kukosa grisi tu, na kwamba mwanawe yeye Bibi ni fundi, aitwe. Hakuwa amefumbua macho vizuri. Koo halikukwaruza hata kidogo. Mama alisema Alhamdulillahi. Mimi pia nilisema, lakini nilichelewa kidogo, na naomba hilo lisiandikwe mahali popote.

Baba alikuja jioni na kopo la grisi. Gurudumu sasa halilii.

7. Ugonjwa huu wa kutoumwa umeenea.

Kwa kuwa geji ilikwisha kutoka kabatini, jana ilitumika kwa wagonjwa wengine pia. Kitanda namba nane, mama muuza nyanya, aliamka na sauti. Kitanda namba kumi, mwalimu wa chekechea, aliamka na sauti. Ukiongeza na tisa, utaona kwamba upande mzima wa dirishani ulikuwa na sauti. Kufikia saa ya kutazama wagonjwa walikuwa wamekwisha kuitisha kikao juu ya dirisha, kama lifungwe au liachwe wazi, wakitumia kanuni za nyumbani kwetu. Muuguzi wa zamu alipowaomba wapunguze kelele, Bibi alimuuliza kama hilo ni pingamizi, na kama ni pingamizi basi alirudie kwa sauti ya kusikika. Muuguzi huyo alikuwa na mafua. Dirisha liliachwa wazi.

Mwalimu hutaka pia tufikirie upande wa pili kabla ya kuomba. Nimefikiria. Najua koo kuuma ni maumivu. Mwaka jana Shangazi alikuwa akimeza uji machozi yakimtoka, naye si mtu wa kulia, na siku ya pili alikataa hata maji akawa anaionyesha glasi kwa kidole kwamba iondolewe. Nililiona hilo kwa macho yangu na naliandika hapa kwa haki. Mimi sitaki Bibi aumie. Nataka aumwe koo tu, kwa adabu, kuanzia kesho saa kumi kasoro robo hadi saa kumi na nusu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Hospitali imrudishie Bibi koo aliloahidiwa katika aya ya nne. Anaweza kuletwa kesho saa tatu asubuhi kwa baiskeli ya mizigo ya Baba. Hakuna haja ya kumpasua tena. Mrija mnene utatosha, na puto lijazwe kwa kidole gumba.

(b) Ikishindikana, naomba hospitali itukopeshe koo la mtu mwingine. Yupo mgonjwa wa kitanda namba mbili, aliyefanyiwa upasuaji Jumatano kabla geji haijatolewa kabatini. Koo linamuuma na wala halimsaidii kitu, kwa kuwa anaishi peke yake na hana vikao. Kama taratibu zinaruhusu, wabadilishane kwa siku moja.

(c) Kwa wagonjwa wajao, karatasi ya idhini iongezewe kisanduku kimoja ambacho familia itaweka alama: Je, mngependa mgonjwa wenu aumwe koo? Siku ngapi? Kuna ajenda gani? Familia nyingi zingeshukuru kuulizwa.

(d) Hospitali ifungue kliniki ya mrija kwa watu wasio wagonjwa kabisa. Ningeanza na mwalimu mkuu wetu, ambaye Jumatatu hutuhutubia uwanjani mpaka jua linahama kutoka mgongoni kuja usoni. Baada yake wangefuata washereheshaji wote wa harusi, na yule jirani wa nyumba ya tatu anayezungumza na simu kana kwamba simu ndiyo kiziwi. Baadaye kliniki ingeweza kuhudumia vikao vikubwa kuliko chetu, vile vinavyoonyeshwa kwenye televisheni, ambayo sasa tunaitazama wote. Nafikiri mambo mengi yaliyokwama mahali pengi yangepita kwa wiki moja, na katibu angeandika ukurasa baada ya ukurasa: Hakuna pingamizi.

(e) Geji irudishwe katika boksi lake, boksi kabatini, na ufunguo apewe mtu msahaulifu.

Daktari, najua una kazi nyingi. Mimi nina ombi moja tu maishani kwa sasa, nalo limo katika karatasi moja yenye nafasi ya sahihi chini upande wa kulia. Sijui kama nitachaguliwa tena mwakani. Mwalimu wa sayansi alisema nafasi kama hii haipigi simu mara ya pili. Ndiyo maana nimekusumbua.

Nawasalimu madaktari wote, wauguzi wa zamu zote, msukuma kitanda, mama wa kufulia, mgonjwa wa kitanda namba mbili na mzee wa getini. Mtaalamu wa dawa za usingizi naye nisalimie sana, na umwambie kwamba maelezo yake nimeyachora kwenye daftari kwa rangi mbili, puto kwa nyekundu na hewa kwa buluu, na kwamba simlaumu yeye binafsi.

Nakulalamikia kwa heshima zote,

Mjukuu wa kitanda namba tisa

NYONGEZA (Jumapili, baada ya kikao)

Mheshimiwa Daktari Mfawidhi, mwalimu alitufundisha kwamba barua rasmi ikishasainiwa haichanwi; ukigundua kosa, ongeza chini. Nimegundua kosa, nalo linaanzia kwenye anwani.

Barua hii ilikuwa ikufikie leo asubuhi. Baba alikuwa anapeleka baiskeli ya mzee wa getini, nikampa bahasha. Alirudi nayo mfukoni mwa ovaroli, imekunjwa mara mbili. Alisema, "Nimesahau." Baba huwa hasahau kitu, hata nati moja, lakini sikulitilia maanani.

Saa kumi kikao kikaketi. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, mto tumboni, kikombe cha maji ya uvuguvugu mkononi. Mama akasoma fomu yangu yote, hadi maandishi madogo ya chini. Bibi, kama mwenyekiti, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Sote tukamtazama yeye. Bibi akanywa maji. Nilihesabu hadi saba, nikaamini kwamba koo limefika hatimaye, limechelewa tu njiani, na moyoni nikakuomba msamaha kwa makosa yote saba. Mama akaweka kalamu kwenye karatasi.

Hapo Baba akasema, "Pingamizi."

Shangazi aliangusha kitana. Mama akamwomba arudie, kwa kuwa hakuwa na uhakika neno hilo linaandikwaje karibu na jina la Baba. Baba akasimama. Alisema, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, "Huyu akiondoka, nyumba itakuwa kimya."

Hakuna aliyesikika zaidi yake. Mama ni katibu, haruhusiwi. Shangazi alikuwa bado anamtazama kaka yake kinywa wazi. Mimi nilijaribu kujibu, nikatoa sauti kama ya mlango wa kabati. Kwa mujibu wa kanuni ya pili, nilikuwa nimekwisha kushindwa, na Mama alikuwa ameanza kuandika. Ndipo nilipoelewa kwamba muda wote huu Baba hakuhitaji kupinga kwa sababu Bibi alikuwa akipinga kwa niaba yake, na kwamba kama ombi langu la (a) lingekubaliwa, leo sebuleni kwetu Baba pekee ndiye angekuwa na sauti. Barua hii ilistahili kuandikiwa yeye.

Bibi akaweka kikombe chini.

"Kimya?" alisema. "Kwani mimi nimekufa?"

Daktari, kengele za baiskeli zilizoning'inizwa barazani zililia zenyewe. Mteja aliyekuwa akisubiri tyubu alivua kofia. Bibi akaendelea kwa sauti hiyo hiyo, bila kukwaruza, bila kukohoa, akasema kwamba yeye alikwisha kuamua tangu Alhamisi, kwenye lile benchi la kijani, alipomsikia msomi wa watu akimsifu mtoto wa nyumba hii. Akasema mtoto aliyekaa na kuuliza maswali kumi na moja kwa ajili ya koo la bibi yake, ili lisiume, si mtoto wa kubaki nyumbani kushika pampu. Akasema, "Aende. Akasomee makoo ya watu wote."

Baba hakurudia pingamizi lake. Nafikiri maneno yake ya siku yalikuwa yamekwisha. Alifuta mkono kwa ovaroli, akasaini chini upande wa kulia, na akaacha alama ndogo ya grisi ambayo natumaini shule haitaikataa.

Sikuweza kukaa na maneno yale ya Bibi, kuhusu maswali na sababu yake. Baada ya kikao nilimletea barua hii nikamsomea yote, kuanzia shikamoo. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipofika kwenye ombi la (b) alianza kucheka, akawa anacheka huku ameshika mto tumboni kwa mikono miwili, akinilaumu kwamba mishono ikiachia nitakuja kuieleza mwenyewe kwako. Kisha akasema kwamba anadhani maswali nilikuwa nayauliza kwa nia mbili, ila moja ndiyo niliyoijua. Sijalielewa vizuri hilo, lakini lilinipa nafuu.

Ameagiza barua iende kama ilivyo, na Baba ataipeleka kesho pamoja na fomu, na safari hii ameahidi hatasahau. Maombi yote nayafuta, isipokuwa lile la mwalimu mkuu, ambalo Bibi amesema libaki. La (e) naligeuza kabisa. Geji isirudi kabatini. Baba anasema geji nayo huchoka ikaanza kusema uongo kama kidole gumba, kwa hiyo wataalamu wako wakiishuku wamwone fundi anayeijua. Kitanda namba mbili naye nimeona haya kwa niliyomwandikia. Shangazi anampelekea uji mwepesi kesho, na kijiko kidogo.

Bado kitu kimoja. Naondoka baada ya wiki tatu. Jioni hii Bibi alikuwa akinieleza namna ya kukunja shuka za bweni, pembe kwa pembe, akaishia katikati ya pembe ya tatu. Nilimuuliza kama koo limeanza kuuma. Alisema linabana, ila si lile la mrija. Baba, aliyekuwa mlangoni na pampu, akasema hata lake. Naomba, ukipata nafasi, umuulize mtaalamu wa dawa za usingizi kama la namna hiyo nalo lina kinga. Kama haijapatikana, asihangaike. Nimeliandika kwenye daftari kuwa swali la kumi na mbili, na nitakwenda nalo.